Waya za Sidiria Juu ya Paa

Kabla sijasema lolote la maana, wacha nianze na la kijinga liishe. Mwaka niliokuwa kidato cha pili nilichukua wembe, nikatoboa sidiria za mama yangu kwa pembeni, nikavuta zile waya za chini, nikazigeuza antena ya televisheni. Ndiyo hivyo. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kwa sababu mbele huko kuna mtu alihama nyumba kwa ajili ya hizo waya, na mimi niliyejua ziko wapi nilikuwa nimekaa kwa kochi nikitazama mpira, picha safi kama maji ya dukani.

Nimeyakumbuka kwa sababu televisheni yetu ilifariki wiki iliyopita. Iliugua muda mrefu. Ilianza na mstari mweupe katikati, ikaingia kipindi cha kuongea bila kuonyesha uso, kama mwalimu wa zamu anayejificha nyuma ya darasa kusikiliza nani anapiga kelele, kisha jioni moja ikatoa harufu ya plastiki ikanyamaza. Fundi aliifungua, akachungulia, akaifunga tena polepole kwa heshima, kama mtu anayefunika marehemu. Mama akasema nipande nitoe antena, kwa sababu antena bila televisheni ni kiti cha kunguru tu. Nikapanda. Sasa nina miaka kumi na saba, mzee mzima, nimeanza hata kusema "siku zetu" nikiongea na watoto wa kidato cha kwanza, kwa hivyo mtu asishangae nikikaa juu ya mabati ya Bondeni na kipande cha ubao mapajani, nikishika waya moja moja na kukumbuka ujana wangu.

Ploti yetu ni zile nyumba za zamani za kaunsili: milango inatazamana, mfereji wa kuteka maji uko katikati, na kamba za nguo zinapita kutoka ukuta huu hadi ule. Hizo kamba zina sheria ambazo hakuna mtu amewahi kuandika mahali. Shuka na sare za shule zinaanikwa kila mtu aone. Nguo za ndani za akina mama zinaanikwa pia, lakini juu yake kunatandazwa taulo, na hata upepo ukipiga hakuna anayejua kilicho chini, ingawa kila mtu anajua. Mvua ikikuja na mwenyewe hayuko, jirani anaanua. Lakini anaanua taulo pamoja na kilicho chini yake, mzigo mmoja, bila kufunua, anaweka kwa beseni, anasukuma ndani ya mlango wa mwenyewe. Heshima ya Bondeni iko hapo. Mambo yako tunayajua, lakini hatuyakunjui.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Rukia. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa papa hapa, na vitu vya pwani alivyobaki navyo ni leso, mapishi na salamu. Ukimwambia "niaje" alikuangalia kama umetema mate kwa sakafu yake. Ilibidi niseme shikamoo, aitikie marahaba, ndipo mazungumzo yaanze. Yeye na mama walikuwa na kibanda kimoja kando ya barabara: mama na chapati na maharagwe yake, Mama Rukia na viazi karai. Viazi vilitoka Dundori, wakavichagua pamoja, wakavimenya pamoja, na huku wakimenya wakasengenya ploti nzima pamoja. Mimi nilikula pande zote mbili. Nilikuwa na mama wa chapati na mama wa viazi, na sikuwahi kuona sababu ya kuchagua.

Sasa, mwaka huo picha ya televisheni ilikuwa aibu. Kila mshambuliaji akikaribia goli anageuka matofali. Kiprono, rafiki yangu wa darasani ambaye mjomba wake hutengeneza redio, alinipa ushauri tukiwa kwenye foleni ya githeri. "Buda, shida si TV. Ni antena. Tafuta vyuma vyembamba, shibiri moja na kidogo, upige kwa ubao mbili mbili zikiangaliana, ufunge kebo katikati." Nikamuuliza vyuma nitatoa wapi. "Hanga za nguo." Nikamwambia hanga zetu ni za plastiki. "Basi umeisha, manze," akasema, akarudi kwa githeri yake kutafuta maharagwe.

Nilirudi nyumbani nikakagua kila kitu chenye chuma. Chumba chetu ni kimoja, kimekatwa katikati na pazia la maua. Upande huu kochi langu, televisheni na meza ya kazi ya mama, upande ule kitanda chake. Mama alikuwa ameinama juu ya karai akikanda unga, na katikati ya kukanda akasimama, mikono yote miwili ndani ya unga, akainua kiwiko akajisukuma ubavuni, uso umekunjana kama aliyeng'atwa na siafu. "Ai, hii waya siku moja itanitoboa moyo," akasema. Alikuwa akisema hivyo kila siku. Nilikuwa nimeyazoea maneno hayo kama mlio wa friji ya duka la jirani. Nilijua hata kwamba moja ya hizo waya ilikuwa imetokeza ncha, na mama alikuwa ameizungushia plasta ya kidonda ili isimdunge, na bado ikamdunga. Mtoto mwenye akili angesikia mama anaumia. Mimi nilisikia neno waya.

Ya kwanza niliitoa mwezi wa pili, kwa sidiria nyeusi, waya mbili, kwa majaribio. Chaneli moja ikafunguka kama dirisha. Mama alipoivaa hiyo nyeusi alishika ubavu, akaingia nyuma ya pazia, akatoka akisema, "Mitumba hizi. Hata waya zinatoroka." Akaendelea na kazi. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kijinga, ule ambao mwizi wa kuku hupata akimla wa kwanza bila mtu kuuliza.

Mvua za mwezi wa nne zilikuja na mambo yake. Alasiri moja mama alikuwa kibandani na mimi nilikuwa juu ya paa nikigeuza antena, naona wingu linashuka kutoka upande wa Dundori likiwa jeusi kama sufuria ya shule. Mama Rukia alikuwa amekuja nyumbani kuchukua mafuta ya kupikia. Matone yalipoanza akakimbia kwa kamba, akaanua za kwake, akaanua zetu, taulo na yote, akaingia kwake. Mlango wake ukabaki wazi. Na kutoka pale juu nikaona kitu ambacho hakifanyiki: alifunua taulo. Akatoa sidiria za mama moja moja akaziweka juu ya kiti zikauke. Moja akaileta karibu na mwanga, akaitazama sana mahali fulani, akapitisha kidole. Kisha akavuta uzi mwekundu kutoka kwa cherehani yake ya mkono, akaupima kwa ile sidiria, akafunga fundo. Akapima tena mahali pengine, fundo lingine. Midomo yake ilikuwa inaenda. Nikashuka paa haraka, na si mvua iliyonikimbiza.

Baadaye alileta beseni kwetu, kila kitu kimekunjwa vizuri, akaniambia, "Mwambie mama zililowa kidogo, nimezianika." Nikasema asante. Na huyo huyo mimi, ambaye dakika chache zilizopita nilikuwa nimeshtuka kumwona mtu akigusa nguo za mama yangu, nikafunga mlango, nikachukua wembe, nikamaliza sidiria tatu zilizobaki. Kesho yake kulikuwa na fainali.

Asubuhi mama alikaa nyuma ya pazia kwa muda ambao haukuwa wa kawaida. Alipotoka alikuwa na zote nne mkononi. "Mburu, hizi hazikutoroka. Angalia hapa. Hii imekatwa." Nikaangalia kwa makini kama daktari. "Imekatwa na wembe," akasema. "Kwa hii nyumba ni mimi na wewe tu. Nani mwingine ameshika nguo zangu?" Macho yake yalikuwa yamenikalia. Na mdomo wangu, ambao shuleni umewahi kunitoa kwenye adhabu nyingi, ukafunguka wenyewe. "Jana Mama Rukia ndiye alianua," nikasema. "Nilimwona akipima bra yako na uzi. Mwekundu. Alikuwa anafunga mafundo."

Kila neno hapo lilikuwa kweli. Hata ningeapishwa na Biblia ningelirudia. Nimewahi kudanganya walimu, makonda na pasta, lakini sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko hiyo kweli.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa rahisi. Alianza kuchunguza. Jumapili baada ya kanisa rafiki yake Mama Ciku alikuja, wakakaa nyuma ya pazia na chai, na mimi nikakaa upande huu na kitabu cha historia nimekishika juu chini. "Tangu hiyo siku," mama akasema, "nikikanda unga sisikii kitu." Mama Ciku akauliza, "Husikii kitu aje?" "Hakuna kudungwa. Napumua mpaka chini. Jana nimekanda karai mbili sijajishika hata mara moja." Kikombe kikawekwa mezani. "Na hiyo ndiyo shida?" "Mama Ciku, niambie wewe. Tangu lini mtu akakukatia nguo na wembe ili usikie vizuri?" Kisha Mama Ciku akasema kwa sauti ya chini, ile ya kuombea wagonjwa, "Huwa wanaanza hivyo. Kwanza unasikia vizuri." Nilitaka kucheka, nikauma kitabu cha historia.

Lakini fikiria huyo mama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anapika bila kukunja uso, na hakuweza kufurahia, kwa sababu hakujua raha hiyo imetoka wapi wala itadai nini. Alikuwa anasimama katikati ya kazi, anavuta pumzi ndefu, halafu anaangalia nyuma. Mama Rukia akileta viazi, anasema asante, anaingia ndani, na viazi vinaenda kwa mbwa wa ploti huku mama akimwangalia mbwa kupitia dirishani. Mbwa hakufa. Alinenepa. Mama akasema mbwa hawana roho kama yetu. Kule kibandani walianza kumenya viazi bila kusengenya mtu, na wateja wakaanza kula haraka waondoke.

Mwishowe mama akaamua kutafuta sidiria zake mwenyewe, mpya, zenye historia anayoijua. Akanichukua sokoni kubeba mfuko. Yule muuza mitumba alikuwa kijana mwenye ndevu, amevaa sidiria ya zambarau juu ya jaketi kama kawaida yao, anapiga makofi. "Karibu mathe! Balo imefunguliwa leo! Ni camera tupu hapa, daraja la kwanza!" Mama akasema, "Nataka isiyo na waya. Na isiwe na kitu kingine chochote ndani." Kijana akacheka. "Mathe, kwa saizi yako, bila waya ni kama nyumba bila nguzo. Zisizo na waya ni za wasichana wa shule." Mama akachukua moja aliyoambiwa haina waya, akaipitisha vidoleni mzunguko wote, polepole, kama anayetafuta mfupa kwa samaki, akafika kando akasimama. "Na hii ni nini?" "Hiyo ni plastiki kidogo tu, mathe." "Umeificha." "Si mimi nimeificha, imekuja hivyo kutoka majuu." Mama akamwangalia kifua. "Wewe hiyo umevaa tangu saa ngapi?" "Tangu asubuhi." "Inakudunga?" Kijana akajishika ubavu, na kwa mara ya kwanza akaongea kama mtu. "Kusema ukweli mathe, hapa kando, kidogo." "Na wewe huna chochote cha kubeba," mama akasema. "Sasa fikiria mimi."

Tulizunguka vibanda vyote. Zisizo na waya zilikuwa ndogo, au zilikuwa zimelegea kama soksi ya babu, au zilikuwa na mifupa ya siri. Akarudi kwa yule mwenye ndevu akanunua mbili za waya, akazifungia kwa sanduku na kufuli. Siku zilizofuata nikaanza kusikia tena ule mlio kutoka kwa karai la unga. "Ai." Kiwiko ubavuni. "Ai." Na safari hii ule mlio haukuwa kama friji ya duka. Nilikuwa naongeza sauti ya televisheni, na picha ilikuwa safi kweli, mpaka majirani walikuja kunisifu. Mama mwenyewe alipenda taarifa ya saa moja. Alikaa pale akijishika ubavu na kusema, "Mburu, hapo kwa antena umejaribu."

Mwezi wa sita, Jumamosi, watu wote wako nje wakifua, Mama Rukia akavuka uwanja na kifurushi cha gazeti. "Mama Mburu, nimekuletea kitu. Fungulia ndani." Hapo ndipo alipokosea, kusema fungulia ndani. Mama akafungulia nje. Zilikuwa sidiria mbili zimeshonwa kwa mkono kutoka kwa leso ya zamani, laini, mkanda wa chini mpana kama kiganja, mabega mapana, na hakuna waya popote. Ndani ya moja kulikuwa na herufi nyeusi za ile leso, zimekatwa katikati: MA HAU. Na pale kwa mshono, umesahaulika, ulining'inia uzi mwekundu wenye mafundo.

Niliona mama akiusoma ule uzi kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwa jeneza. "Kwa hivyo ni kweli," akasema. "Ulinipima."

"Nilikupima," Mama Rukia akasema. "Ningekuambia ungekataa. Niliona damu pale waya inapoishia. Kila siku tunapika pamoja, hukuniambia unavuja damu."

"Ukatoa waya zangu zote, ukanipima na uzi, na sasa umeniandika! Hii MA HAU ni lugha gani?"

Mfereji ulikuwa unamwagika, hakuna aliyeufunga. Mama Rukia akamwangalia mama, akaangalia zile sidiria, kisha akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakuangalia kwa hasira. Aliangalia kama anayehesabu milango ya nyumba na kuona ni miwili tu. "Uzi ni wangu," akasema. "Waya sikugusa. Nilizirudisha zikiwa na waya zao, na aliyezipokea si wewe. Muulize aliye ndani kwako."

"Mtoto wangu hawezi," mama akasema.

Hapo ndipo pangekuwa pahali pazuri pa kufungua mdomo. Nimewahi kuota nikiufungua pale, na katika ndoto nasema vizuri sana, hata watu wanapiga makofi. Kwa ukweli nilikwaruza fremu ya mlango na kucha. Mama akanitupia kile kifurushi akaniambia nikichome kwa jiko, na kabla ya mwezi kuisha Mama Rukia akabeba cherehani yake akahamia kwa Rukia, bintiye, kule Free Area. Upande wake wa kibanda ukabaki na duara jeusi la karai. Nilikuwa nikipita asubuhi mbele ya ule mlango uliofungwa, mdomo unaanza "shika—" kwa mazoea, halafu namezea.

Upepo wa mwezi wa nane ndio ulionishinda. Ulitoka ziwani na vumbi lake, ukagonga mabati mchana kutwa, na mama akiwa kwa mfereji anaosha karai antena ikang'oka, ikabingirika paani, ikaanguka mbele ya miguu yake. Nilikuwa ndani. Nilisikia mlio, nikatoka nikiwa tayari na kicheko. Mama alikuwa ameshaiokota. Alikuwa ameushika ule ubao kwa mikono miwili na kidole chake kimesimama kwa waya moja, ile yenye plasta kwenye ncha, plasta iliyogeuka nyeusi kwa jua na mvua lakini bado imezungushwa vile vile, mara tatu, kwa mkono wake mwenyewe.

Akaangalia juu ya paa. Akaangalia mlango wa Mama Rukia. Mimi hakuniangalia.

"Leta kile kifurushi," akasema.

"Kipi, mama?"

"Kile nilikuambia uchome. Najua hukuchoma. Wewe hujawahi kumaliza kazi niliyokutuma."

Kilikuwa chini ya godoro la kochi. Akaingia nyuma ya pazia. Nilisikia gazeti, nikasikia nguo, halafu nikaona kivuli chake kwa lile pazia la maua kikiinua mikono juu, kikishusha, kikiinama mbele mpaka chini kama anakanda unga usiokuwepo. Kikabaki kimeinama hivyo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akapika chapati, akazifunga kwa kitambaa. "Beba hiyo antena yako," akasema. "Tunaenda kwa miguu."

Kutoka Bondeni mpaka Free Area, mchana, nimebeba waya za sidiria begani kama msalaba, mama mbele na chapati. Jamaa mmoja wa kuosha magari akaniitia, "Boss, hiyo inashika chaneli ngapi?" Mama akajibu bila kugeuka, "Zote."

Mama Rukia alitufungulia mwenyewe. Nikasema, "Shikamoo." Hakuitika. Akatupisha, akatukalisha, akaleta chai ya rangi kwa sababu mgeni ni mgeni. Mama akafungua chapati akazisogeza mbele yake. Mama Rukia akaziangalia, mikono mapajani. Hakugusa. Mama akaelewa kabla yangu. Akachukua moja, akaikata katikati, akala nusu, akatafuna mpaka ikaisha, akasogeza nusu ile nyingine. Bado Mama Rukia hakugusa. Basi mama akachukua antena kutoka begani mwangu akaiweka juu ya meza, pale katikati ya vikombe, na kugeuza ule upande wenye plasta. "Ulisema nimuulize aliye ndani kwangu," akasema. "Sikuuliza."

Mama Rukia akaishika waya ile, akaipinda kidogo, ikarudi. Akanitazama muda mrefu, na sikupata hata utani mmoja. Nikasema, "Ni mimi. Na ule uzi pia, ni mimi nilisema." Ndiyo hotuba yote. Katika ndoto ilikuwa ndefu zaidi.

"Mburu," mama akasema, "geuka uangalie ukuta."

Nikageuka. Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya maporomoko ya maji, na nimeyajua yale maporomoko kuliko maporomoko yoyote duniani. Nyuma yangu nikasikia vifungo vya blauzi. Kisha sauti ya Mama Rukia, "Umevaa ndani nje." "Sikutaka hayo maandishi yaniguse." "Maandishi gani?" "MA HAU." "Ni WEMA HAUOZI, mwanamke wewe! Leso ya marehemu mamangu. Nilikata pale kati kwa sababu ndipo palikuwa laini zaidi." Kukawa na mlio mdogo, sikujua ni wa nani wala ni wa kulia au kucheka, kisha ikawa milio miwili mikubwa. "Inama," Mama Rukia akasema. "Inama tena. Inakubana hapa?" "Hapana." "Na hapa?" "Hapana. Mama Rukia, haidungi popote." "Huu mkanda nitaulegeza kidole kimoja, leta ule uzi." Nikasikia chapati ikiraruliwa. Nikasikia mtu akitafuna. Halafu, kwa yule aliyesimama ukutani akihesabu matone ya maji ya kalenda, ikaja ile sauti niliyoikosa tangu mwezi wa sita: "Marahaba, mwizi wa waya."

Hakusema atarudi lini. Mama hakuuliza. Tulirudi na antena, kwa sababu mama alisema taarifa ya saa moja haina kosa, na nyuma yake mimi nikitazama mgongo wake njia nzima. Hakujishika ubavu hata mara moja, na hakuangalia nyuma. Mawingu yalikuwa yanashuka tena upande wa Dundori. Tulipoingia ploti akasimama chini ya kamba, akanyoosha mkono akagusa taulo kama limekauka, akaangalia ule mlango uliofungwa, kisha ndiyo akaongea na mimi.

"Kuanzia leo mvua ikikuja ni wewe utaanua. Zangu, na za Mama Rukia akirudi. Na taulo usifunue."